Kabalega: Safari Iliyokomea Mpumudde

Wengi hupita kando ya kilima cha Mpumudde, mjini Jinja, bila kujua kwamba hapo ndipo alipokata roho Omukama Kabalega wa Bunyoro, tarehe 6 Aprili, 1923. Alikuwa njiani kurejea kwao kutoka uhamishoni. Jina la kilima hicho lina maana ya kupumzika. Naye alipumzika kweli, lakini hakuwa amefika nyumbani.

Kabalega alirithi kiti cha baba yake, Kamurasi, aliyefariki mwaka 1869, baada ya kumshinda ndugu yake vitani. Alijenga jeshi la kudumu, Abarusura, lenye vikosi na makamanda wake. Mwaka 1872 Samuel Baker alifika Masindi na kutangaza kuwa Bunyoro ni mali ya Misri. Vita vilizuka, na Baker akalazimika kurudi nyuma huku akiviziwa njiani.

Mwishoni mwa mwaka 1893 Waingereza walianza kuivamia Bunyoro, wakiongozwa na Kanali Colvile, pamoja na askari wa Kisudani na maelfu ya Waganda. Kabalega aliona kwamba hawezi kushindana nao uwanjani. Akaingia msituni, akapigana kwa kuvizia kwa miaka mitano na zaidi, ilhali njaa na maradhi yakiiteketeza nchi. Mwaka 1898, baba angali porini na bunduki yake, Waingereza walimtawaza mwanawe Kitahimbwa, aliyekuwa bado mtoto. Tarehe 9 Aprili, 1899, Kabalega alitekwa huko Lango, akiwa na jeraha lililomgharimu mkono. Pamoja naye alitekwa Mwanga wa Buganda. Watawala hao wawili, ambao falme zao zilikuwa mahasimu wa siku nyingi, walipelekwa visiwa vya Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Huku nyumbani Kitahimbwa alikwisha kuondolewa, na ndugu yake Duhaga kuwekwa mahali pake.

Kabalega akiwa bado kisiwani, mwezi Januari 1904, mjini Moscow ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mchezo wa Anton Chekhov juu ya shamba la micheri. Ni habari ya jamaa wa ukoo mkubwa walioshikwa na madeni. Wanaonyeshwa njia ya kujiokoa: wakate miti, wakodishe viwanja. Badala yake wanapiga soga, na siku ya mnada wanacheza dansi. Shamba linanunuliwa na mtoto wa watumwa wao wa zamani. Chekhov aliuita mchezo huo kichekesho. Stanislavski, aliyeuongoza, aliuona kuwa msiba. Ubishi huo haujaisha.

Kwa mtazamaji wa mbali, kuanguka kwa nyumba ya Kamurasi nako kulikuwa na ya kuchekesha: mtoto kuvishwa taji huku baba yake akiwindwa, na wafalme wa falme zilizohasimiana kusafirishwa pamoja kama mahabusu. Lakini kicheko hicho hakidumu. Jamaa wa Chekhov twawacheka kwa kuwa njia walikuwa nayo, wakalala. Kabalega hakulala. Alifanya yote ambayo mtu angeweza kuyafanya, na bado akaanguka. Hapo ndipo kichekesho kinapoachana na msiba.

Askari anaweza kushindwa. Hiyo ni sehemu ya kazi yake. Jambo analopaswa kujiuliza ni hili: saa ya hatari ilipofika, alikuwa macho kwenye lindo lake, au alikuwa akicheza dansi?

Kabalega aliaga dunia siku tatu tu kabla ya kutimia miaka 24 tangu atekwe. Maiti yake ilimaliza safari ambayo yeye hakuimaliza, ikazikwa Mparo, karibu na Hoima, katika ardhi aliyoipigania.