TOM MBOYA: KIJANA ALIYEPEWA KURA NA NAIROBI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba nyota njema huonekana alfajiri. Katika kurasa hizi nitawaelezea maisha ya Tom Mboya. Wengi wetu tukipita Barabara ya Moi jijini Nairobi huiona sanamu yake iliyozinduliwa mwaka wa 2011, kisha tunakimbilia matatu na kwenda zetu. Tunachojua ni kwamba aliwapeleka wanafunzi Marekani na kwamba aliuawa. Mimi nataka tutazame jambo lingine, yaani jinsi watu wa Nairobi walivyompigia kura, na sababu zao.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Baba yake alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge la Mzungu, lakini kwao hasa ni kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria. Kwa hivyo mtoto huyu Mjaluo alikulia Ukambani na Ukikuyuni, akacheza na watoto wa kila kabila na kujua lugha zao. Alisomea Kabaa, Yala na Mang'u. Karo ikawa shida, baba hakuweza kuendelea kulipa, na Tom akajiunga na shule ya Jeanes huko Kabete asomee kazi ya bwana afya. Hapo hakukuwa na karo.

Mwaka wa 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Mshahara wa bwana afya Mwafrika ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa Mzungu, ingawa kazi ilikuwa ile ile. Siku moja, akiwa peke yake ofisini, mama mmoja wa Kizungu aliingia na chupa ya maziwa ya kupimwa. Akatazama huku na huku, halafu akauliza kama hakuna mtu humo ndani. Hebu fikiria, msomaji! Kijana amekaa mezani, macho kwa macho, na bado anahesabiwa kuwa si mtu. Nadhani kisa hiki kinatufungulia maisha yake yote, kwa sababu kupiga kura ni kuhesabiwa.

Mwaka wa 1952 alianzisha chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari, na vyama vya siasa vya Waafrika vikapigwa marufuku mwaka uliofuata. Vyama vya wafanyakazi tu ndivyo vilivyobaki na sauti. Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho lao akiwa na miaka 23 pekee. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, askari waliizingira Nairobi na kuwatia mbaroni maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, wakapelekwa vizuizini. Shirikisho la Mboya lilipinga na kutetea familia zilizofukuzwa mjini. Mwaka wa 1955 akasaidia kumaliza mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa, nao wakaongezewa mshahara. Baadaye mwaka huo akaenda Oxford, chuo cha Ruskin, kwa masomo ya mwaka mmoja.

Sasa tufike kwenye kura. Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima, na kimoja kilikuwa cha Nairobi. Wala msidhani kila mtu alipiga kura. Ilibidi uwe na elimu, mapato au mali fulani, na aliyekuwa na sifa nyingi aliweza kupewa hata kura tatu! Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza wawe na cheti cha uaminifu kwa serikali. Mboya alimkabili C.M.G. Argwings-Kodhek, Mkenya Mwafrika wa kwanza kuwa wakili, ambaye aliwatetea washukiwa wengi wa Mau Mau. Mchuano ulikuwa mkali kweli kweli. Mboya akashinda kwa tofauti ndogo, akiwa na miaka 26.

Ushindi huo ulikuwa na doa, na tukubali hivyo. Wakikuyu wengi wa Nairobi walikuwa vizuizini au hawakuwa na kile cheti. Watu wakanong'ona kwamba akirudi mwenye mji, mgeni atahama. Yaani, siku Wakikuyu watakapopiga kura, Mjaluo huyu hatapata kitu.

Siku hiyo ilifika Februari 1961. Sheria ilikuwa imelegezwa. Aliyejua kusoma na kuandika lugha yake, au aliyezidi miaka 40, au aliyepata pauni 75 kwa mwaka, aliweza kujiandikisha. Katika eneo la Nairobi East wapiga kura wengi sasa walikuwa Wakikuyu. Mpinzani mkuu wa Mboya alikuwa Dkt Munyua Waiyaki, Mkikuyu, daktari aliyeheshimika, mjukuu wa shujaa Waiyaki wa Hinga. Wote wawili walikuwa wa KANU, na baadhi ya vigogo wa chama walikuwa upande wa Waiyaki ingawa Mboya ndiye aliyekuwa katibu mkuu. Hesabu za kabila zilionyesha kwamba Mboya amekwisha.

Kura zilipohesabiwa, Mboya alipata zaidi ya tisa katika kila kumi. Kwa nini? Mpangaji wa Pumwani au Makongeni hakuuliza huyu ni mwana wa nani. Alikumbuka nani aliyemtetea alipofukuzwa kazi, nani aliyedai Kenyatta aachiliwe, na nani aliyetafuta nafasi kwa vijana 81 waliopanda ndege kwenda vyuo vya Marekani mwaka wa 1959. Mwaka wa 1963 alishinda tena, safari hii katika eneo la Nairobi Central, akawa waziri katika serikali huru.

Mboya hakuwa malaika. Mwaka wa 1966 alikuwa mstari wa mbele kumbana Oginga Odinga na wenzake, na sheria ikabadilishwa haraka ili wabunge waliohamia KPU warudi kwa wapiga kura. Mgala muue na haki mpe: aliyejua thamani ya kura alijua pia kuitumia kama rungu.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi akitoka dukani, barabara hiyo hiyo yenye sanamu yake leo. Alikuwa na miaka 38. Akazikwa Rusinga. Baada ya hapo Wajaluo na Wakikuyu, waliowahi kumpigia kura pamoja, walianza kutazamana kwa jicho baya, na jeraha hilo lilichukua miaka mingi.

Wanafunzi wenzangu, tutakapotimiza miaka 18 tutajiandikisha kupiga kura. Tutaambiwa kwamba mtu wetu ni yule wa kwetu, na kwamba mambo yamekuwa hivyo tangu zamani. Huo ni uongo. Wazee wetu wa Nairobi, wengi wao wakiwa wapangaji wa chumba kimoja, walishapiga kura wakiangalia kazi ya mtu mwaka wa 1961. Kama wao waliweza, sisi tuliosoma tuna kisingizio gani?