Salme binti Said: Binti Mfalme Aliyezikwa na Mchanga wa Kwao

Wazee wa Kimeru wanaposimulia chimbuko la jamii yao, aghalabu huanzia Mbwaa, pwani ambako wahenga waliuvuka mkono wa maji ili kuukimbia utumwa. Makala haya yanamhusu mtoro mwingine wa pwani, ila huyu aliondoka katika jumba la mabwana, si katika kibanda cha watumwa. Ni Sayyida Salme binti Said, ambaye Ulaya ilimjua kwa jina la Emily Ruete.

Salme alizaliwa mwaka wa 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa asili ya Kicherkasi. Katika jumba hilo Kiarabu na Kiswahili vilisikika kila pembe. Wasichana walifundishwa kuisoma Kurani, lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza mwenyewe kwa siri, akifuatiza herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Kalamu hiyo ndiyo iliyomponza. Baba yake alifariki mwaka wa 1856, na wana wakaanza kuwania urithi. Mwaka wa 1859 Barghash alipopanga kumpindua kaka yao Majid, Salme, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi, alifanywa karani wa njama hiyo. Waingereza walimsaidia Majid, uasi ukazimwa na Barghash akahamishiwa Bombay. Majid alimsamehe dada yake, lakini baadhi ya ndugu hawakumsamehe.

Baadaye Salme alipendana na jirani yake wa Mji Mkongwe, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Alipopata mimba, maisha yake yalikuwa hatarini. Mnamo Agosti 1866, usiku wa sherehe za Siku ya Mwaka, wanawake walipokuwa wakienda kuoga baharini, alipanda meli ya kivita ya Uingereza na kukimbilia Aden. Huko alimzaa mwanawe wa kwanza, ambaye hakuishi kuiona Ujerumani. Mwaka wa 1867 alibatizwa, akaitwa Emily na kufunga ndoa siku iyo hiyo.

Mwaka wa 1870 Ruete alifariki kwa ajali ya tramu mjini Hamburg. Salme akaachwa na watoto watatu wachanga katika nchi ya baridi, ambayo lugha yake ndiyo kwanza alikuwa akijifunza. Katika Ujerumani ya wakati ule, binti wa ukoo bora aliyepungukiwa aliweza kupata hifadhi kwa kuwa bibi mwandani wa malkia. Salme, mwenye damu ya kifalme, aliwalea wanawe kwa kufundisha Kiarabu, huku akihama mji hadi mji.

Wakubwa walimkumbuka walipokuwa na haja naye. Mwaka wa 1885 serikali ya Bismarck ilimpeleka Zanzibar pamoja na manowari zake, wakati ilipomshinikiza Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, kuhusu ardhi za bara. Barghash alikataa kumwona dada yake. Wajerumani walipopata walilotaka, madai yake ya urithi yaliwekwa kando. Alirudi tena mwaka wa 1888, akaondoka mikono mitupu.

Katikati ya safari hizo, mwaka wa 1886, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa kuchapishwa na mwanamke Mwarabu. Ndani yake tunaona mapishi, mavazi, malezi na maradhi ya jumba la Mtoni kwa jicho la aliyeishi humo. Hata hivyo, msomaji makini hawezi kufumbia macho ila yake: mwandishi anautetea utumwa wa Waarabu. Mwanamke aliyeonja uchungu wa kunyimwa haki hakuuona uchungu wa waliomchumia karafuu.

Baada ya 1888 aliishi miaka mingi Beirut kabla ya kurejea Ujerumani mwaka wa 1914. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, penye kaburi la mumewe. Pamoja naye uliwekwa mfuko wa mchanga wa Unguja aliokuwa ameuhifadhi.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Salme alibadili jina, dini na nchi, lakini mchanga ule unatuzuia kusema kwamba aliiacha asili. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kumsoma kwa macho mawili: moja limwonee imani mjane aliyefungiwa mlango wa kwao, na jingine liwatafute wale waliomhudumia Mtoni, ambao hawakupata mfupa wala kalamu ya kuandikia yao.