Eric Carr: Alianza na dalili kama za mafua, kumbe ni saratani ya moyo

Novemba 24, 1991 dunia ilimlilia Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen aliyezaliwa Zanzibar. Siku hiyohiyo, New York, alifariki staa mwingine ambaye msiba wake ulimezwa na huo: Eric Carr, mpiga dramu wa KISS. Alikuwa na miaka 41 tu.

Jina lake halisi ni Paul Caravello, mzaliwa wa Brooklyn. Alikuwa fundi wa majiko huku akipiga kwenye bendi ndogondogo, hadi mwaka 1980 KISS walipomchukua kuziba pengo la Peter Criss. Jukwaani alijipaka rangi usoni, akawa Mbweha.

Mapema 1991 akaanza kuumwa. Dalili zilikuwa kama za mafua. Vipimo vikaonyesha saratani kwenye moyo.

Ugonjwa huu ni adimu mno. Saratani nyingi zinazokutwa moyoni zimesambaa kutoka kwingine, kama mapafu au titi. Uvimbe unaoanzia moyoni kwenyewe ni nadra, na hata huo mara nyingi si saratani. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba seli za misuli ya moyo wa mtu mzima hazigawanyiki kirahisi.

Tatizo ni kwamba dalili zake hazina jipya: uchovu, kukosa pumzi, maumivu ya kifua, miguu kuvimba, mapigo kwenda ovyo. Ndiyo maana wengi hugundulika wakiwa wamechelewa. Kwa kawaida uvimbe huonekana kwanza kwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Kisha hufuata CT scan au MRI, na kipande kidogo cha nyama hupimwa maabara kujua ni uvimbe wa aina gani.

Carr alipasuliwa Aprili. Julai, akiwa amevaa wigi baada ya matibabu kumaliza nywele zake, alirudi kwenye dramu kurekodi video na wenzake. Haikupita miezi mitano, damu ikavuja kwenye ubongo na mwisho ukafika. Mwaka uliofuata KISS walitoa albamu ya Revenge kwa heshima yake.

Ukichoka na kukosa pumzi wiki baada ya wiki, pengine si saratani. Lakini mafua huwa yanaisha. Yasipoisha, nenda kapime.