Morgan: Mwenye benki aliyeshika reli, chuma na mashine za wakulima

MKULIMA anaweza kuona kampuni tatu sokoni. Moja inamsafirishia mazao, ya pili inamuuzia mashine na ya tatu inamkopesha fedha. Anadhani kila moja ina mwenyewe. Je, kama nyuma yake yupo mtu mmoja? Swali hilo liliwasumbua wakulima wa Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita, na jina lililotajwa sana ni la John Pierpont Morgan.

Morgan alizaliwa Aprili 17, 1837 mjini Hartford, Connecticut. Hakuanzia chini. Baba yake, Junius, alikuwa mwenye benki London, na kijana alisoma Uswisi na Ujerumani kabla ya kuanza kazi New York mwaka 1857. Mwaka 1871 aliungana na Anthony Drexel, na baadaye, mwaka 1895, benki hiyo ikaitwa J. P. Morgan & Co. Biashara yake kubwa ilikuwa kuuza hisa na hati fungani za kampuni za Marekani kwa wenye mitaji, hasa wa Ulaya.

Mwaka 1893 uchumi wa Marekani ulianguka na kampuni nyingi za reli zikafilisika. Waliozikopesha walimkimbilia Morgan. Alipunguza madeni, akazipanga upya, kisha akaweka kura za wanahisa mikononi mwa wadhamini wachache kwa miaka kadhaa. Hapo ndipo ilipo siri ya nguvu zake. Hakulazimika kununua kampuni nzima. Aliyeshika kura na mkopo ndiye aliyeamua, na nauli ya kusafirisha ngano ilikuwa miongoni mwa mambo ya kuamuliwa.

Mwaka 1901 aliinunua kampuni ya chuma ya Andrew Carnegie kwa takriban dola milioni 480, akaiunganisha na nyingine kuunda U.S. Steel, kampuni ya kwanza duniani yenye mtaji wa zaidi ya dola bilioni moja. Mwaka 1902 ikaja zamu ya wakulima. McCormick na Deering, wapinzani wa miaka mingi katika mashine za kuvunia, waliunganishwa na kampuni nyingine tatu kuwa International Harvester, iliyoshika takriban asilimia 85 ya soko la mashine hizo. Mkulima aliyezoea kuwashindanisha wauzaji sasa alikuta muuzaji mmoja.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1904 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru kuvunjwa kwa Northern Securities, kampuni aliyoshiriki kuiunda ili kuweka reli zilizoshindana chini ya paa moja.

Hata hivyo, tumtendee haki. Mwaka 1907 wananchi walipokimbilia benki kutoa fedha zao, Marekani haikuwa na benki kuu. Morgan, akiwa na miaka 70, aliwakusanya wenye benki wenzake wakachanga fedha na kuokoa benki kadhaa. Wengi walishukuru, lakini wengine waliogopa: taifa zima lilikuwa limemtegemea mtu mmoja asiyechaguliwa na yeyote.

Desemba 1912 alihojiwa na kamati ya Bunge iliyoongozwa na Arsène Pujo. Taarifa ya mwaka 1913 ilionyesha kuwa watu wa benki yake na wa benki chache zilizoshirikiana nayo walikalia viti 341 vya ukurugenzi katika kampuni 112, zenye mali ya zaidi ya dola bilioni 22. Morgan alifariki Rome Machi 31, 1913. Desemba mwaka huo ikapitishwa sheria ya kuanzisha benki kuu, na mwaka 1914 nyingine ikazuia mtu mmoja kuwa mkurugenzi wa kampuni kubwa zinazoshindana.

Leo mashirika ya uwekezaji ya BlackRock, Vanguard na State Street, yakijumlishwa, ndiyo mwanahisa mkubwa kuliko wote katika kampuni nyingi kubwa za Marekani. Tofauti ni kwamba fedha ni za mamilioni ya waweka akiba. Lakini kura, kwa sehemu kubwa, hupigwa na mameneja.

Kwa hiyo, msomaji, unapoingia mkataba usitazame jina la ubaoni tu. Uliza nani kaikopesha kampuni hiyo, nani anakaa kwenye bodi, na kama ndiye huyo huyo anayekaa kwenye bodi ya mshindani wake. Ushirika wenu nao uulizeni hivyo hivyo.