Maria Montessori: Tabibu aliyewafunza watoto kujihudumia

MZAZI wa Mbaraki, Mombasa, anayemwachia mwanawe wa miaka minne afunge mwenyewe vifungo vya shati, au amimine maji kikombeni bila kunyang'anywa jagi, anafuata, ajue asijue, njia iliyotetewa na mwanamke wa Kiitaliano aliyefariki zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Maria Montessori alizaliwa Agosti 31, 1870, mjini Chiaravalle. Alihitimu udaktari jijini Roma mwaka wa 1896, enzi ambapo wanawake wa taaluma hiyo nchini Italia walihesabika kwa vidole.

Januari 6, 1907, alifungua shule San Lorenzo, mtaa wa wachochole jijini humo, kwa watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Aliwatengenezea meza na viti vya kimo chao, akawapa mifagio, mabeseni, sabuni na vitambaa vyenye vifungo. Siku moja aliwaonyesha namna ya kupenga kamasi kwa leso bila kelele. Wakampigia makofi. Alitambua kuwa watoto hao walizoea kukaripiwa kwa uchafu wa pua, ilhali hakuna aliyewahi kuwaelekeza.

Hata hivyo, sifa zake zilificha jeraha. Mwanawe, Mario, aliyezaliwa 1898 nje ya ndoa, alilelewa na familia nyingine mashambani, kwani kumkiri hadharani kungemgharimu mama kazi na heshima. Hivyo, aliyesifika kwa kuwaongoza wana wa wenzake hakumlea wake. Waliungana tena baada ya nyanya ya kijana huyo kufariki mwaka wa 1912, na baadaye Mario akawa msaidizi wake mkuu.

Shule zake nchini Italia zilifungwa 1934 alipokosana na utawala wa Mussolini. Mwaka wa 1939 mama na mwana walikwenda India kufunza walimu. Vita vilipopamba moto, Waingereza walimzuilia Mario kama raia wa nchi adui, wakamwachilia mama yake alipotimiza miaka 70.

Alifariki Mei 6, 1952, mjini Noordwijk, Uholanzi, na kuzikwa huko.

Miaka ya 1980, shule za chekechea za madrasa zilipoanzishwa Mombasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, hazikuwa za Montessori. Lakini nazo zilimpa mtoto vitu vya mazingira yake, avishike na kujifunza kwa kutenda. Anayefanyiwa kila kitu na mama au yaya hukosa fursa hiyo.