Somerville na Matangi ya Mafuta ya Visiwani

Historia ya Bahari ya Hindi haikuandikwa na wafalme na wafanyabiashara peke yao. Sehemu yake kubwa iliandikwa na makamanda waliotazama ramani, wakaweka kidole juu ya kisiwa kidogo, wakasema kwamba hapo patachimbwa matangi ya mafuta na pale patakatwa minazi ili ndege zipate kutua. Mmoja wao alikuwa Admirali James Somerville wa Uingereza, ambaye kwa muda aliongoza vita vya bahari hii kutoka bandari yetu ya Kilindini. Tumeona vema kuyaeleza maisha yake leo, maana yana somo kwa watu wa visiwa, na somo kubwa zaidi kwa wale waliopewa dhamana ya kupanga mambo ya visiwa.

Somerville alizaliwa mwaka 1882 huko Weybridge, Uingereza, akaingia katika chuo cha wanamaji mwaka 1897, angali kijana mdogo. Alijipatia sifa katika utaalamu wa simu ya upepo, na katika Vita Kuu ya Kwanza alitunukiwa nishani kwa kazi yake kwenye mapigano ya Dardanelles. Mwaka 1938 alikabidhiwa manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi, lakini mwaka uliofuata madaktari walimstaafisha kwa ugonjwa wa kifua. Ilidhaniwa kwamba kazi yake imekwisha.

Vita vya Pili vilimrudisha. Alisaidia kuendeleza matumizi ya rada, na akashiriki katika kuwaokoa askari waliozingirwa Dunkirk. Kisha akapewa kikosi cha manowari kule Gibraltar. Ndipo, tarehe 3 Julai 1940, alipotekeleza amri iliyomtia uchungu mkubwa: kuzipiga manowari za Ufaransa, rafiki wa jana, zilizotia nanga Mers-el-Kébir nchini Algeria, zisije zikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Wafaransa karibu 1,300 walikufa. Aliipinga amri hiyo kabla ya kuitekeleza, lakini aliitekeleza.

Machi 1942 alifika Seiloni, ambayo leo ni Sri Lanka, kuliongoza Kundi la Manowari la Mashariki. Hali ilikuwa ya kutisha. Singapore ilikuwa imeanguka mwezi uliotangulia, na manowari zake nyingi zilikuwa kuukuu. Lakini kulikuwa na siri moja. Tangu mwaka 1941 wanamaji wa Uingereza walikuwa wakijenga kituo katika visiwa vya Addu, kusini kabisa mwa Maldivi, mahali ambapo visiwa vimejipanga kama pete kuzunguka maji yenye kina. Palitegwa mizinga, pakafanywa kiwanja cha ndege katika kisiwa cha Gan, na mafuta ya manowari yakawekwa humo. Homa na maradhi mengine yaliwaangusha askari wengi waliokuwa wakijenga.

Siri hiyo iliziokoa manowari za Somerville. Baada ya kuwasubiri Wajapani kusini mwa Seiloni bila ya kuwaona, alikwenda Addu kujaza mafuta na maji, akafika tarehe 4 Aprili. Siku hiyo hiyo ndege ya doria iliwaona Wajapani wakija na meli zao 5 za kubebea ndege. Kesho yake waliishambulia Colombo na kuzamisha manowari mbili zilizokuwa njiani, Cornwall na Dorsetshire, ambamo walikufa watu zaidi ya 400. Tarehe 9 wakaipiga Trincomalee, ambako ndege moja ya Kijapani iliangukia tangi la mafuta na kuwasha moto uliodumu siku kadhaa. Meli ya kubebea ndege iitwayo Hermes nayo ikazamishwa. Wajapani hawakujua kabisa kwamba Addu ni kituo. Lau wangalijua, huenda kundi zima la Somerville lingaliteketea.

Hapo ndipo Kilindini ilipoingia katika hesabu. Somerville alihamishia manowari zake Mombasa, mbali na ndege za adui, alinde njia ya meli zinazopeleka askari na vifaa Misri, na njia ya mafuta yanayotoka Ghuba ya Uajemi. Wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani waliwekwa katika shule ya Allidina Visram, mjini Mombasa. Mwezi wa Mei Waingereza waliiteka bandari ya Diego Suarez, Bukini, Wajapani wasiitangulie. Na baadaye mwaka huo askari wa Afrika Mashariki wakapelekwa kupigana katika kisiwa hicho.

Mwaka 1943 Somerville alirejea Seiloni. Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wakiwamo wauguzi wanawake, na wengi mno wakiwa vijana wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata nyambizi ya Kijerumani ilipenyeza kombora katika mwanya wa nyavu za ulinzi za Addu, ikaipiga meli ya mafuta British Loyalty iliyokuwa imetia nanga ndani. Mwaka huo huo Somerville naye alikwenda kuyapiga matangi ya mafuta ya Sabang na kiwanda cha mafuta cha Surabaya. Agosti 1944 aliondoka, akatumwa Washington, akapandishwa cheo cha juu kabisa cha wanamaji mwaka 1945, na akafariki dunia Machi 1949 nyumbani kwake Dinder.

Hatumnyimi haki yake. Alikuwa kamanda hodari, aliyejua kwamba kulihifadhi kundi la manowari ni bora kuliko kulipoteza kwa ajili ya fahari. Lakini kidole kilichowekwa juu ya ramani hakikuondoka pamoja naye. Mwaka 1957 jeshi la anga la Uingereza lilirudi Gan, na wenyeji wakahamishiwa kisiwa jirani cha Feydhoo. Mzozo uliohusu kituo hicho, kazi zake na biashara, uliwafanya watu wa kusini wajitenge na Malé kuanzia 1959 hadi 1963. Mwaka 1976 Waingereza wakafunga kituo, wakaenda zao. Kule Diego Garcia, ambako ndege za doria ziliwekwa wakati wa vita, wenyeji waliondolewa wote kufikia mwaka 1973 ili pajengwe kambi ya Wamarekani, wakatupwa Mauritius na Shelisheli.

Siri dhidi ya adui ni jambo la lazima, wala hakuna serikali inayotangaza mahali ilipoweka mafuta yake wakati wa vita. Lakini siri dhidi ya mwenyeji ni jambo jingine kabisa. Mkoloni alizichanganya siri hizi mbili, kwa sababu kwake kisiwa kilikuwa kituo tu, na mwenyeji alikuwa kizuizi.

Sisi hatuna udhuru huo. Ndugu zetu maofisa wanaopanga viwanja vya ndege, bandari na matangi ya mafuta katika visiwa vyetu hawana budi kwanza kwenda kukaa barazani na wazee wa mahali hapo, wawaeleze kinachokuja, wasikilize, na walipe fidia kabla mnazi wa kwanza haujakatwa. Na wananchi wa visiwani nao wanapaswa kuuliza mapema, maana kuuliza si uasi. Mgeni huja akaondoka. Anayebaki na kisiwa ni mwenyewe.