Dr. Koch na sindano iliyopofusha wagonjwa Ziwa Victoria

Robert Koch alizaliwa Ujerumani Desemba 11, 1843. Mwaka 1882 alitangaza kuwa amegundua bakteria wa kifua kikuu, na mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel. Wengi wanamkumbuka kwa hayo. Wachache wanajua yaliyotokea alipofika huku kwetu ziwani.

Mwaka 1906 malale yalikuwa yameua watu wengi kando ya Ziwa Victoria. Koch alifungua kambi ya matibabu katika visiwa vya Sese, Uganda, kaskazini mwa Bukoba. Mwaka 1907 alifika pia Kiziba, ambako watu waliokwenda Uganda kutafuta kazi walikuwa wakirudi na ugonjwa huo.

Dawa aliyotumia iliitwa Atoxyl, jina lenye maana ya kitu kisicho na sumu. Lakini ndani yake mlikuwa na aseniki, ambayo ni sumu. Wagonjwa walichomwa sindano ya nusu gramu, wakapata nafuu. Baada ya muda vimelea vilirudi kwenye damu.

Koch akaongeza dozi hadi gramu moja. Wagonjwa wakapata maumivu makali na kizunguzungu, na wengine wakatoroka kambini. Zaidi ya 20 wakapofuka, na macho yao hayakupona tena. Ndipo dozi hiyo kubwa ikasimamishwa. Koch alifariki Mei 27, 1910.

Leo Atoxyl haitumiki tena, lakini kosa lile bado tunalifanya majumbani, Bukoba na Muleba: dawa tuliyoizoea tunaiona haina madhara, na isipotusaidia haraka tunaongeza.

Chukua paracetamol. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24, kwa sababu ikizidi huharibu ini. Baadhi ya dawa za mafua nazo zina paracetamol, hivyo ukizimeza pamoja unaweza kuzidisha bila kujua. Diclofenac nayo, ikitumiwa kiholela, huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo.

Dawa isipokusaidia, usiongeze kidonge wala kuazima cha jirani. Rudi zahanati ukapimwe upya, na ubebe pakiti ya dawa uliyotumia.